Ukimpa Mbuyi, Mpe na Kabanga

Nakiri: nilikuwa na mgonjwa niliyempenda kuliko wengine. Miaka yote niliyofanya kazi kwenye kituo chetu kidogo cha magonjwa ya akili, hapa Kolwezi, nilikana jambo hilo kwa uso mkavu. Niliwafundisha ninyi vijana, tena kwa kidole kilichonyooka, kwamba mwanasaikolojia hana kipenzi, na kwamba kila anayeketi kwenye kile kiti cha plastiki ni sawa na aliyeketi kabla yake. Mliandika. Baadhi yenu mlicheka chini chini, maana mlikuwa mkiona sukari niliyomzidishia Mbuyi kwenye chai. Sasa nimestaafu, hakuna wa kuniita ofisini kujieleza, basi nasema wazi. Na kwa kuwa nimeanza kusema, niongeze: vipenzi walikuwa wawili, na ndio walioniangusha kutoka kwenye kiti changu cha usomi. Nilianguka nikicheka, lakini nilianguka.

Nianze mwanzo, kama tunavyowadai wagonjwa. Nilifika hapa kutoka chuo kikuu cha Lubumbashi nikiwa na viatu vya kisigino, ambavyo vumbi la Kolwezi lilivimaliza mapema, na mkoba wa vipimo vya akili, ambao watu wa Kolwezi waliumaliza mapema zaidi. Ndani yake mlikuwa na saa ya kupimia, vipande vya mbao vyekundu na vyeupe vya kupangia michoro, na picha zilizochorwa na watu wa nchi za baridi. Kwenye picha moja mtu anasukuma theluji kwa koleo mbele ya mlango wake, na mgonjwa anatakiwa kusema ni kitu gani kimekosekana. Mama mmoja wa Lubudi aliitazama kwa huruma kubwa, akaniuliza: "Ile bunga yote, banaimwanga juu ya nini?" Kwake kilichokosekana kwenye picha ile kilikuwa akili ya mwenye unga. Sikujua nimpe alama ngapi.

Kipimo kingine kilikuwa cha kutafuta kinachofananisha vitu viwili. Nikauliza shaba na kobalti zinafanana kwa lipi, nikingoja jibu la kitabu, kwamba zote ni madini. Mchimbaji wa Mutoshi, aliyeletwa na kaka zake kwa sababu alikuwa akisikia watu wakimtukana kutoka chini ya ardhi, alijibu bila kufikiri: "Yote mbili haitajirishe muchimbaji." Kitabu kilisema sifuri. Nilimpa alama zote, nikampa na mkono.

Aliyenifundisha kazi ni Daktari Ilunga, bingwa wa magonjwa ya akili aliyekuja kwa gari kutoka Lubumbashi kila mwezi, suruali imepandishwa karibu na kifua, mfuko umejaa karanga za kukaanga. Kabla yake nilidhani skizofrenia ni sauti. Mtu anasikia sauti, anapewa dawa, sauti zinanyamaza, kazi imekwisha. Yeye aliniambia: "Mama Psy," ndivyo walivyoniita wote, kwa kukata neno la Kifaransa la kazi yangu, "sauti zikinyamaza ndipo kazi inaanza. Mtume sokoni akaleta chumvi, mafuta na kiberiti. Angalia analeta nini." Niliangalia. Wengi walileta chumvi tu, wakasimama mlangoni wakijaribu kukumbuka. Kumbukumbu, umakini, kupanga jambo moja baada ya jingine: hivyo ndivyo vilivyoamua nani atarudi kazini na nani atabaki kukaa ukutani, hata pale ambapo sauti zimekwisha kwenda zake.

Daktari Ilunga alitaka tuwapime pia ndugu wazima, wasiougua, wa wagonjwa, kwa sababu uwezo huo wa akili nao unarithiwa kwa sehemu, na sehemu ya urithi huo inagusana na urithi wa ugonjwa. Nilipomwomba anifafanulie, alitoa kichwa dirishani, akaonyesha barabara ya malori.

"Watu wanatafuta jiwe," alisema. "Wanadhani kuna jiwe moja la ukichaa linaloruka kutoka kwa babu na kumpiga mjukuu. Hakuna jiwe. Kuna vumbi. Punje nyingi mno, kila moja haina nguvu. Kila nyumba ya Kolwezi ina vumbi, yako pia. Iliyo karibu na barabara ina zaidi. Punje zilezile zinaweza kuchafua kioo cha kumbukumbu kidogo na pia kusogeza ugonjwa karibu. Kwa hiyo ndugu wazima, ukiwachukua wengi pamoja, kumbukumbu zao huwa chini kidogo. Wengi pamoja! Usije ukamkamata mtu mmoja na kumsomea vumbi lake."

Niliyaandika maneno hayo yote, hata hilo la mwisho. Mtaona lilivyonisaidia.

Basi, wakaja mapacha. Mama yao, Mama Ngalula, alikuwa muuza unga sokoni, wa familia ya Kasai ambayo babu yao aliletwa huku kuchimba shaba na hakurudi tena. Kwao mapacha hawatafutiwi majina: anayetangulia ni Mbuyi, anayefuata ni Kabanga. Na sisi wote huku, Wakasai kwa Wakatanga, tunajua sheria ya mapasa, kama tunavyowaita: ukimpa mmoja, mpe na mwingine. Shati kwa shati, ndizi kwa ndizi. Mama Ngalula alinisimulia kwamba hata kofi lilikuwa la wawili. Mbuyi akivunja kikombe, Kabanga alisogeza shavu lake mwenyewe ili jambo liishe haraka. Ukimbagua mmoja, anakasirika, na pacha aliyekasirika haombi ruhusa: anaondoka duniani.

Mbuyi aliugua akiwa anasomea umeme, pale alipoanza kusikia nyaya zikimsema. Kabanga hakuugua. Alikuwa fundi wa pikipiki kwenye barabara ya kwenda Kasaji, na kila mara alimleta ndugu yake kituoni. Walifanana hadi mlinzi akawa anawasalimu mara moja tu. Mbuyi aliketi kwenye kiti changu na kunichekesha. Nilipomuuliza kama bado anasikia sauti, alijibu, "Ndiyo, ni yako, Mama Psy, na hainyamaze." Mtaniambia ningefanyaje na sukari.

Mambo yalichacha Kabanga alipotaka kuoa. Msichana aliitwa Rachel, wa Kasaji, aliyelelewa hapa mjini na shangazi yake, Tantine Odile, muuza vitenge mwenye sauti ya kufungulia milango. Bila ndiyo ya Tantine Odile, hakuna ndoa. Hilo lilijulikana hata kwa pikipiki za Kabanga. Tantine Odile akaja kituoni mwenyewe.

"Mama Psy, mi sikatae kijana. Iko na adabu, iko na kazi. Lakini mapasa ya namna ile, damu ni moja, ni vile?"

"Ni vile, Tantine."

"Basi ugonjwa yenye iko mu kichwa ya mumoja, iko mu kichwa ya mwingine. Inalala tu."

"Hapana. Mara nyingi pacha mwenzake haugui kabisa."

"Basi umupime. Weye si uko na mashini?"

"Nina vipande vya mbao."

"Umupime na mbao."

Nilikataa. Nilieleza kwamba hakuna kipimo kinachoweza kutabiri nani ataugua. Lakini kesho yake Kabanga alikuja mwenyewe, amenawa grisi hadi viwiko, akaniomba. Alisema shangazi hatatulia mpaka aone kitu. Na Daktari Ilunga alikuwa akitafuta ndugu wazima. Nikajiambia ni kwa faida ya sayansi, maneno ambayo, wenzangu, mkijisikia mnayasema, simameni mnywe maji kwanza.

Nikamsomea maneno kumi na tano, naye akarudisha machache, tena taratibu, kama mtu anayetoa ndoo kisimani. Tarakimu kinyumenyume zilimshinda. Kwenye mbao alitazama mikono yake kana kwamba ni ya mteja. Nililinganisha na matokeo ya Mbuyi: yalilingana. Mtu mgonjwa na mtu mzima, urithi mmoja, akili chini kwa kipimo kilekile! Kichwani nilimwona Daktari Ilunga akisimama mbele ya maprofesa, nami nyuma yake, tayari nimeshachagua kitambaa cha gauni. Naungama kwamba nilizunguka meza mara moja nikicheza.

Kabanga alikuwa bado ameketi.

"Inaanza, ni vile?" aliniuliza.

"Hapana. Nilikwambia kipimo hiki hakisemi hivyo."

Maneno yalikuwa sahihi kabisa. Bahati mbaya uso wangu ulikuwa uking'aa kama sufuria mpya, naye alidhani nafurahi kwa kuwa nimelipata nililolitafuta kichwani mwake. Alinishukuru, akatoka, akaenda moja kwa moja kwa Tantine Odile na kumwambia ukweli wake: kwamba kichwa chake kimepimwa na kiko sawa na cha Mbuyi, na kwamba yeye mwenyewe ameanza kusahau bisibisi mkononi. Tantine Odile alisimamisha mazungumzo ya mahari siku ileile.

Rachel alinijia kama dhoruba.

"Na mi unipime, Mama Psy!"

"Kwa nini?"

"Nikuwe chini yake. Halafu tuone kama tantine atakataza bajinga bawili kuoana."

"Rachel, hatupimi wapenzi hapa. Hatuna mbao za kutosha."

Alicheka, kisha akalia, kisha akaniambia jambo nililopaswa kulisikia: Kabanga wa zamani, aliyemtongoza kwa mizaha mirefu, alikuwa mwepesi. Huyu wa sasa alisinzia akila. Niliiweka sentensi hiyo kichwani chini ya kichwa cha habari "dalili za mwanzo," nikahisi huzuni ya kweli, na bado, Mungu anisamehe, gauni halikuniondoka.

Aliyeniokoa ni Mama Ngalula. Alikuja kuomba vidonge vya Mbuyi viongezwe, kwamba viwili vya kila siku havitoshi. Haikuwa mara ya kwanza. Kwa muda mrefu tulishangaa pia kwa nini Mbuyi anapata nafuu nusu nusu. Nikavaa uso wa kazi.

"Mama, vidonge hivi vinakwenda wapi? Usiniambie unaviuza."

"Mi? Niuzishe dawa ya mutoto yangu?" Alikaa wima. "Mi nauzisha bunga, siuzishe dawa! Nagawanya tu."

"Unagawanya na nani?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi.

"Na mwenzake."

"Mwenzake nani?"

"Mama Psy, weye si ulisoma? Mbuyi kimoja, Kabanga kimoja. Ni mapasa! Ulitaka nipatie mumoja, mwingine anaangalia?"

Kicheko kilinitoka, kirefu, kisicho na heshima, mpaka mlinzi akaja kuuliza kama mgonjwa amenishinda. Mama Ngalula alikasirika, halafu akaanza kucheka naye kwa sababu mimi nacheka, bila kujua tunacheka nini. Kijana mzima wa pikipiki alikuwa akimeza kila siku dawa nzito ya kutuliza akili, dawa ambayo ingemfanya hata profesa asahau bisibisi. Na mgonjwa wetu alikuwa akipata nusu ya dozi. Walilingana kwa sababu walikuwa wamelingana kwenye vidonge.

Nilipanda pikipiki hadi gereji. Kabanga hakukana.

"Si mama tu," alisema. "Ye anagawanya juu ya desturi. Lakini Mbuyi aliogopa ile dawa, alisema ni sumu. Aliniambia: kama ni ya kweli, kunywa weye mbele. Nikakunywa. Kesho yake akasema tena: kunywa mbele. Ningefanya namna gani? Kama sikunywe, hanywe."

"Na hukuniambia!"

"Hukuniuliza, Mama Psy. Uliniuliza tarakimu."

Nilimpigia Daktari Ilunga. Nilikwisha kumwahidi ugunduzi, basi nilimsimulia yote kwa pumzi moja. Upande wa pili nilisikia karanga zikitafunwa, kisha zikakoma.

"Mama Psy," alisema hatimaye, "hongera. Umegundua kwamba dawa ya kusinzisha inasinzisha." Kisha alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena alikuwa daktari: Kabanga asiache ghafla, apunguziwe kidogo kidogo, yeye mwenyewe atamfuata, Mbuyi apewe dozi yake kamili. Na swali moja alituachia sisi: Mbuyi atameza vipi, kama wa kwanza kumeza hayupo?

Tukakutana ofisini kwangu, mama na wanawe wawili. Nilieleza sumu, dozi, ubongo, nikachora hadi mshale. Mama Ngalula alisikiliza kwa adabu, kisha akapendekeza tumpe Kabanga sindano ndogo ya maji, ili naye awe na kitu. Kabanga alikuwa tayari kukunja mkono. Nikaanza kueleza maadili ya taaluma. Hapo Mbuyi, aliyekuwa akinywa chai yake tamu, akaweka kikombe chini.

"Mama," alisema, "mi niko na dawa. Ye, mumupatie bibi. Tutakuwa sawa."

Bibi, huku kwetu, ni mke; Kabanga alitazama sakafu. Mama yake alilipima jambo lile kama kilo ya unga, akaona linatosha. "Ni sawa," alisema. Tangu siku hiyo Mbuyi alimeza vidonge vyake mwenyewe mbele ya ndugu yake, na kila alipomeza alimuuliza, "Na yako iko wapi?"

Ndilo lililokuwa swali, maana ya Kabanga ilikuwa bado mikononi mwa Tantine Odile.

Dawa ilipokwisha kumtoka, na Daktari Ilunga aliporidhika, niliwapima upya, kwa maneno mengine. Kabanga alikuwa wa kawaida. Wa kawaida kabisa! Sijawahi kulipenda neno hilo hivyo. Alisahau maneno ambayo hata mimi huyasahau, na kwenye mbao alimaliza haraka, kisha akataka kunitengenezea saa. Mbuyi naye alipanda, dozi kamili ilimsaidia, lakini hakumfikia ndugu yake. Hapo ndipo lilipo jambo zito, na sikulificha: wana urithi mmoja, na bado kuna pengo kati yao ambalo ugonjwa umelichimba. Urithi ulileta vumbi kwenye nyumba zote mbili. Kwa nini moja ilipata giza na nyingine ikabaki na mwanga, hatujui vizuri. Nilimwambia Tantine Odile hivyo hivyo, Kabanga akiwa amekubali nimwambie, na akiwa ameketi hapo hapo na Rachel.

"Na batoto?" aliuliza Tantine Odile. Hilo ndilo alilolijia tangu mwanzo.

"Sitakudanganya. Nyumba yao iko karibu na barabara kuliko nyumba nyingine. Hatari ipo, ni kubwa kidogo kuliko kwa wengine. Lakini watoto wengi zaidi wa nyumba kama hiyo hukua wazima kabisa. Na hakuna mbao, wala mashine, itakayokuonyesha mapema ni yupi."

"Hata kwa Bazungu?"

"Hata kwao."

Alimtazama Rachel. Rachel hakushusha macho. Kwa mara ya kwanza nilimsikia mwanamke yule akinong'ona: "Nitaongea na bandugu benye ku Kasaji." Akaondoka.

Halafu kimya. Wenzangu, mimi niliyewafundisha kuvumilia kimya cha mgonjwa, sikuweza kuvumilia cha Tantine Odile. Niliagwa kazini, mkanipa saa ya ukutani, mkaimba vibaya, nami nikiwa natabasamu huku nawaza Kasaji. Kabanga alirudia mizaha yake lakini alikonda. Mbuyi alimeza na kuuliza, kila siku, ya mwenzake iko wapi. Mama Ngalula alikoma kuniletea unga, kwa aibu ya kuonekana anaulizia.

Simu ililia nikiwa nyumbani, nikipepeta maharagwe kama mstaafu halisi. Nyuma ya sauti ya Tantine Odile cherehani ilikuwa ikienda mbio, na wanawake walikuwa wakigombana juu ya rangi.

"Mama Psy! Niko kwa fundi. Mashati ya arusi, tunashona kitambaa ya namna moja, ya Kabanga na ya Mbuyi. Ya Kabanga tuko na kipimo. Ule mwingine, tumbo yake iko sawa na ya mwenzake?"

Niliweka ungo chini.

"Hapana, Tantine," nilisema. "Ya Mbuyi imetangulia kidogo. Ni dawa."

"Haya," alisema, na nikamsikia akimgeukia fundi. "Ya pili, ongeza kitambaa!"